Sahibu yangu na mgombea wake wa nukta nne

Kila uchaguzi mkuu hapa Kenya huwa na wagombea wawili ambao nchi nzima inawazungumza, halafu kuna wale wengine. Picha zao zimo kwenye karatasi ya kura na majina yao yanajulikana kwa siku mbili tatu. Matokeo yakitangazwa, hesabu zao husomwa upesi upesi, kama makanga anayetaja vituo ambavyo hakuna abiria wa kushuka. Wafuasi wao hapa Pwani ni wachache lakini wapo, na huenda mmoja wao ni sahibu yako.

Wangu ni mwalimu mstaafu wa shule ya upili, na mtaa mzima humwita Mwalimu, basi nami nitamwita hivyo. Mwaka 2013 alimpigia kura Mohamed Abduba Dida. Mwaka 2017 akampigia tena. Mwaka 2022 Dida hakuwemo kwenye karatasi. George Wajackoyah na sera zake za bangi na ufugaji wa nyoka, Mwalimu hakutaka hata kumsikia. David Mwaure Waihiga hakumjua vyema, na wale wakubwa wawili alikuwa ameshaapa kuwa hatawapa kura yake. Akaingia kituoni, akampigia gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na MCA, na ile karatasi ya rais akaitumbukiza tupu kama alivyopewa. Sasa kwa 2027 amepata mtu mpya. Simtaji mtu huyo, kwa sababu tume bado haijamuidhinisha, na makala haya si ya kumpigia debe wala kumbomoa.

Ningeendelea kuyacheka haya pamoja na wenzangu barazani kama si mkewe kunipigia simu. "Shemegi," akaniambia, "rafikiyo akusikiza wewe. Kiinua mgongo kimetoka, nyumba ya mamake yavuja, na yeye ataka kwenda kuchapisha mabango." Alisema kwa upole, lakini mtu mzima akikupigia simu saa nne za usiku kwa jambo la nyumba ya mavyaa wake, unaelewa kuwa mambo yamefika pabaya.

Kwa hivyo nilijifunga kibwebwe. Kabla ya kwenda kumkabili Mwalimu niliona ni lazima nizijue hoja zake na hoja za wanaomcheka, maana yeye ni mtu wa hesabu, na ukimwendea na maneno matupu anakurudisha nyumbani na kazi ya ziada ya kufanya.

Tuanze na hili la "kupoteza kura", kwa sababu ndilo analorushiwa kila siku. Barazani wanamwambia: kura yako wewe ni maji uliyomwaga mchangani, heri ungempa mtu mwenye nafasi. Hoja hii ina asili yake. Katika uchaguzi wa 1992 Rais Moi alishinda kwa takriban asilimia 36 ya kura. Kenneth Matiba, Mwai Kibaki na Jaramogi Oginga Odinga kwa pamoja walipata zaidi ya asilimia 60, lakini kila mmoja alikuwa na fungu lake pembeni. Mwaka 1997 Moi alirudi kwa asilimia kama 40. Sheria ya wakati ule ilimtaka mshindi awe na kura nyingi kuliko kila mmoja wa wenzake, na apate robo ya kura katika mikoa mitano kati ya minane. Hakulazimika kufika nusu. Chini ya sheria ile, aliyetaka kumuondoa Moi akampa kura mgombea wa nne au wa tano, kwa kweli alikuwa amemsaidia Moi. Wazee wetu walijifunza somo hilo kwa uchungu na wakaturithisha.

Sheria lakini imebadilika. Katiba ya 2010, kifungu cha 138, inamtaka mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, na angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani kaunti 24. Asipopatikana mtu wa namna hiyo, wawili wa mbele wanarudi kwenye duru ya pili ndani ya siku 30. Kenya haijawahi kufika duru ya pili ya urais hata mara moja, na nadhani ndiyo sababu wengi wetu bado tunapiga hesabu ya 1992.

Tazama matokeo ya 2022. William Ruto alitangazwa kuwa na kura 7,176,141. Raila Odinga 6,942,930. Wajackoyah 61,969 na Waihiga 31,987. Chukua kura zote za hao wawili wadogo, umpe Raila. Anafika 7,036,886. Bado hajamfikia Ruto. Na hili si bahati ya mwaka ule pekee, ndivyo hesabu ilivyo. Mtu akishapita nusu, wengine wote ukiwakusanya kapu moja hawamfikii. Kwa hivyo anayetaka kumzuia anayeongoza asishinde katika duru ya kwanza, kura yake ina uzito ule ule akimpa mgombea wa pili au akimpa mgombea wa mwisho. Zote mbili zinawekwa upande wa pili wa mizani.

Hapa barazani wenzangu walininyamazia kidogo nilipowaeleza. Mmoja akasema, "Basi wewe pia umeshatekwa." Sikutekwa. Kuna upande wa pili wa jambo hili, na nitaufikia.

Mfano mzuri zaidi ni 2013. Wagombea walikuwa wanane. Uhuru Kenyatta alitangazwa mshindi kwa kura 6,173,433, sawa na asilimia 50.07, yaani aliivuka nusu kwa kura kama 8,400 tu katika nchi nzima. Raila alipata 5,340,546, Musalia Mudavadi 483,981, Peter Kenneth 72,786. Dida, mwalimu wa zamani ambaye hata wenye kujua siasa walikuwa hawamjui miezi michache kabla, alishika nafasi ya tano kwa kura 52,848, mbele ya Martha Karua, James ole Kiyiapi na Paul Muite. Ukigawa, ni asilimia 0.43. Ndipo barazani Mwalimu alipopewa jina la Nukta Nne, na mwaka 2017 Dida alipopata kura 38,093, wakamshusha cheo akawa Nukta Mbili.

Lakini tazama zile 8,400. Lau watu elfu tisa kati ya waliompa Uhuru wangempa Dida, tume isingekuwa na mshindi wa kutangaza siku ile ya tarehe 9 Machi. Watu elfu tisa hujaa uwanja mmoja wa mpira. Mwalimu amezishika hesabu hizi kama alivyozishika jedwali za kuzidisha, na ukweli ni kwamba hapa hakosei.

Anapokosea ni kwenye ile karatasi tupu ya 2022. Yeye aliamini kuwa kura tupu inahesabiwa dhidi ya wakubwa, kwamba inaongeza idadi ya kura zilizopigwa na hivyo inaisogeza ile nusu iwe mbali zaidi. Mwaka 2013 tume yenyewe ilihesabu hivyo, ikiwa na kura zilizokataliwa zaidi ya 108,000 ndani ya jumla. Lakini kesi ilipofika Mahakama ya Juu, majaji walisema kura iliyokataliwa si kura, haiingii katika hesabu ya nusu. Ukiziondoa, ile nafasi ya Uhuru kuivuka nusu inapanuka kutoka 8,400 hadi karibu 62,900. Maana yake ni kwamba anayetumbukiza karatasi tupu, au akaichora, au akaandika matusi (na wapo), kwa upande wa rais ni sawa na aliyebaki nyumbani akila mahamri na mbaazi. Kama Mwalimu alitaka ghadhabu zake zihesabiwe, ilimbidi aweke alama mbele ya jina la mtu, hata kama ni wa bangi.

Nilipomweleza hili alikaa kimya kwa muda. Kisha akaniambia, "Hukumu hiyo nitaisoma mwenyewe." Hiyo ndiyo tabia yake, na kusema kweli ndiyo inayofanya mtu apende kubishana naye.

Sasa ule upande wa pili. Hesabu hii ya nusu ni ya rais peke yake. Gavana, kwa kifungu cha 180, ni yule aliyepata kura nyingi zaidi, basi. Vivyo hivyo seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na MCA. Huko hakuna duru ya pili, na mtu anaweza kutawala kaunti kwa theluthi ya kura ikiwa wapinzani wake wamegawana zilizobaki. Huko sheria ya 1992 ingali hai. Kwa hivyo anayemwambia Mwalimu kuwa amepoteza kura ya rais hana hoja nzito, lakini angemwambia hivyo kwa kura ya gavana angekuwa nayo. Nashangaa kuwa sisi hapa Pwani tunafanya kinyume. Kwenye urais tunashikana mashati kuhusu kura zisigawanyike, na kwenye ubunge wanasimama watu kumi na wawili kutoka mitaa mitatu, wote jamaa, wote wamegombana kwa sababu ya shamba la babu.

Tena kuna jambo ambalo watani wa Mwalimu hawapendi kulisikia. Mwaka 2022 Mombasa ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizojitokeza kwa uchache kabisa nchini. Waliopiga kura hawakufika nusu ya waliosajiliwa. Nchi nzima, kati ya wapigakura zaidi ya milioni 22, karibu milioni 8 hawakwenda. Ili Ruto akose nusu mwaka ule, zilihitajika kura nyingine kama 139,000 kwa mtu yeyote asiyekuwa yeye. Siku moja niliwauliza wale sita tuliokuwa tumekaa tunakunywa kahawa chungu ni nani alipiga kura. Wawili. Mmoja wao ni Mwalimu.

Sasa kwa nini mtu mwenye akili timamu, mwenye shahada, anajitia kwa mgombea ambaye hata mabango hana? Nimemsikiliza kwa miaka na nadhani nimeelewa. Dida alimvuta kwanza kwa sababu alikuwa mwalimu kama yeye. Februari 2013 kulifanyika midahalo ya urais, ya kwanza ya aina yake nchini, na wagombea wote wanane walisimama jukwaani. Dida alizungumza kama mtu aliyekatizwa darasani, bila kumwogopa yeyote. Nchi ilicheka, na Mwalimu alicheka pia, lakini kwake kilikuwa kicheko cha mtu aliyeona jamaa yake kwenye televisheni. Mwislamu, mwalimu, hana helikopta, na anajibu swali aliloulizwa. Ukiwaambia watu wa Pwani wachague rais kwa sifa hizo tatu za mwisho tu, wengi wangekubali. Kisha siku ya kura wanauliza, "Lakini ana nafasi?"

Swali hilo la nafasi ndilo lisilofika popote ukizungumza na mtu kama Mwalimu. Yeye anajua hana nafasi. Amefundisha hesabu miaka thelathini. Ukimuuliza "atashinda?" anakusikia umemuuliza "kwani wewe huna akili?" na anajibu swali hilo la pili. Mimi siku hizi humuuliza mgombea wake anataka nini kuhusu bandari, kuhusu hatimiliki za ardhi, kuhusu ada za leseni za wavuvi. Hapo mazungumzo yanakuwa mengine kabisa. Mara nyingine anajibu vizuri kuniliko. Mara nyingine anagundua mwenyewe kuwa mtu wake hajasema lolote kuhusu Pwani, anakuna kidevu, anaahidi kumwandikia. Nimemuona mtu akipunguza imani yake kwa swali la leseni ya uvuvi kuliko kwa kejeli za mwaka mzima.

Na kejeli zina madhara, nimeyaona kwa macho. Kadiri walivyomwita Nukta Nne ndivyo alivyozidi kushikilia. Alipokuwa na mashaka yake madogo hakuwa na mahali pa kuyasemea, maana barazani angechekwa na kwa wenzake wa chama angeonekana msaliti. Mwaka jana aligombana na nduguye wa tumbo moja kwenye hitima ya ami yao, kwa sababu ya picha iliyotumwa kwenye kundi la familia. Hadi leo wanapeana mkono tu.

Msomaji wa Pwani atakumbuka pia kuwa sisi si wageni wa siasa za pembeni. Chama cha IPK kilizaliwa hapa Mombasa mwaka 1992 na kikanyimwa usajili kwa hoja kuwa ni cha dini, na leo Katiba yenyewe, kifungu cha 91, inakataza chama kilichojengwa juu ya dini, kabila au eneo. Na kabla ya hapo kulikuwa na Ronald Ngala na KADU. Sisemi KADU kilikuwa chama kidogo kama cha rafiki yangu, la. Kilikuwa na wabunge na kiliongoza majimbo. Lakini kilishindwa na KANU katika uchaguzi wa Mei 1963, kikajivunja Novemba 1964, na majimbo yakafutwa. Kwa miaka mingi aliyetaja majimbo hadharani alionekana mtu wa kuleta fitina. Kisha mwaka 2010 wananchi wakaipitisha Katiba yenye kaunti 47, na leo hata wajukuu wa waliompinga Ngala wanagombania ugavana. Majimbo na ugatuzi si kitu kimoja, wanasheria watanisahihisha, lakini hoja ya kuwa mambo ya Kilifi yaamuliwe Kilifi ndiyo hiyo hiyo.

Mwalimu hulitumia jambo hili kila mara, na mimi humjibu kwamba kwa kila wazo la Ngala lililorudi kuna mia yaliyokufa kwa sababu yalistahili kufa. Hilo hatujawahi kulimaliza. Ekuru Aukot ni mfano anaoupenda zaidi. Mwaka 2017 Aukot alipata kura 27,311. Uchaguzi ulipofutwa na Mahakama ya Juu tarehe 1 Septemba na ukapangwa upya, tume ilitaka kuweka majina mawili tu. Aukot akaenda Mahakama Kuu na akashinda, akarudishwa kwenye karatasi. Baadaye mpango wake wa Punguza Mizigo ulikusanya saini zaidi ya milioni moja zilizothibitishwa na tume, ingawa mabunge ya kaunti yaliukataa. Watu milioni walitia saini wazo la mtu ambaye elfu ishirini na saba ndio waliompa kura. Hilo nalo linahitaji kufikiriwa.

Tangu Raila Odinga afariki Oktoba 2025 mambo yamebadilika zaidi huku kwetu. Kwa miaka mingi baraza nyingi za Pwani hazikuhitaji mjadala wa urais. Jibu lilikuwa moja na lilijulikana. Sasa kiti hicho kiko wazi na kila mmoja anatafuta mtu wa kumkalisha. Wapo watakaoelekea serikalini, wapo watakaobaki na upinzani, na wapo wengi kuliko zamani watakaoelekea kwa akina Nukta Nne. Mwalimu ananiambia mwaka huu kuna vijana wanaomsikiliza, jambo ambalo halikuwahi kumtokea.

Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo hasa, na si kwenye kura yenyewe. Mtu akimpenda mgombea kupita kiasi, na akazungukwa na watu hamsini wanaompenda vile vile, anaanza kuona kuwa nchi nzima inampenda. Matokeo yakija na nukta nne, hana jibu isipokuwa wizi. Mwalimu mwaka 2017 alikaribia huko. Alianza kusema kuwa zile kura elfu thelathini na nane zilikuwa zimekatwa sifuri mbili. Sikumwambia kuwa ni upuuzi. Nilimuuliza kuhusu kituo chake mwenyewe, pale alipopigia. Kura za kila kituo huhesabiwa pale pale mbele ya mawakala, zinaandikwa kwenye fomu 34A, na nakala inabandikwa mlangoni. Mwaka 2022 tume iliweka mtandaoni fomu za vituo 46,229, mtu yeyote akazipakua na kujumlisha. Nikamwambia, ukidai wizi, niletee fomu moja. Kituo kimoja tu ambacho mlangoni paliandikwa mia na Nairobi ikasomwa moja. Hakuileta, na neno la sifuri mbili likapungua.

Lakini katika kumjibu alinifunza jambo. Mgombea mkubwa huweka wakala karibu kila kituo. Mgombea mdogo hana fedha za kulipa mawakala hata wa wadi moja, kwa hivyo kura zake tatu za kituo fulani hazina mtu wa kuzitetea zikihesabiwa mbili. Hilo ni kweli, na haliponi kwa kelele. Linapona kwa watu wachache waliojipanga, wenye barua zao za uwakala na simu zenye chaji, wakapiga picha ya fomu kabla ya kuondoka. Kama vijana wa Mwalimu wanataka kazi, kazi ndiyo hiyo.

Nikarudi kwenye fedha, maana ndizo zilizonipeleka kwake. Hapa sikuzungumza siasa kabisa. Nilimuuliza mabango mangapi yatanunuliwa na kiinua mgongo kile, na yatabaki ukutani siku ngapi kabla ya mgombea wa MCA kubandika lake juu yake. Nilimuuliza kama chama chenyewe kimesajiliwa kikamilifu na Msajili wa Vyama vya Siasa, na kama atapewa risiti. Nikamkumbusha kuwa anaweza kuingia eCitizen na kuona ameandikishwa chama gani, kwa sababu Wakenya wengi wamejikuta wanachama wa vyama wasivyovijua. Akaangalia pale pale kwa simu yake. Alikuwa ameandikwa kwenye chama kikubwa ambacho hajawahi kukipenda tangu kizaliwe. Alikasirika nusu saa nzima, nami nikamwacha akasirike, kwani ilikuwa bora kuliko mabango.

Kisha nikamwonyesha hesabu moja ambayo nilijua itamuuma. Kwa kifungu cha 137, mgombea wa urais lazima apendekezwe na wapigakura wasiopungua 2,000 kutoka kila kaunti, katika zaidi ya nusu ya kaunti. Hiyo ni saini 48,000 kwa uchache. Mwaka 2017 Dida aliingia kwenye karatasi na akapata kura 38,093. Waihiga mwaka 2022, 31,987. Yaani waliopata kura walikuwa wachache kuliko saini walizotakiwa kuwa nazo. Kuna watu walitia saini na siku yenyewe wakampigia mwingine au wakalala. Mabango hayakuwa tatizo la Dida. Tatizo lilikuwa wale elfu kumi waliosema ndiyo kisha wasiende.

Mwalimu hakupenda kusikia hayo, ila aliniuliza mimi ningefanya nini. Nikamwambia ningenunua mabati. Kisha, kwa pensheni ya mwezi, nauli ya matatu tu, ningetembea nyumba kwa nyumba, na ningewaandika wale tu ambao ningeweza kuwarudia asubuhi ya tarehe 10 Agosti 2027 na kuwaamsha. Mkewe, aliyekuwa jikoni na masikio yake yakiwa sebuleni, alileta chai na viazi karai bila kuitwa.

Mabati yamenunuliwa, geji 30, na fundi ameshamaliza upande wa msalani. Kiasi fulani cha zile fedha bado kimo benki na Mwalimu hasemi kitakwenda wapi. Nami siulizi, kwa kuwa ni zake. Daftari lake la majina lina watu 212, wote wa kaunti hii, kila mmoja na nambari ya simu na alama ya risasi pembeni inayoonyesha kama kweli ataamka. Bado 1,788, na kaunti nyingine 23. Juzi alinijia na daftari hilo akitaka jina langu. Nilimwambia mtu wake kwanza aseme neno kuhusu leseni za wavuvi. Akaliandika jina langu kwa penseli, na pembeni akaweka alama ya kuuliza.